Mbuzi wa Kumpeleka Baba Juani

Daktari alipomwambia baba kwamba vitamini D imepungua mwilini mwake, susu, mama yake baba, alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. "Ukambani hii, mtu akose jua? Basi hata samaki wa bwawa la Masinga watakufa na kiu!"

Lakini baba, tangu nimjue, huishi ndani ya duka lake la hadiwea, la misumari na mabati, hapo Tala, nyuma ya wavu wa chuma. Huingia alfajiri, hutoka giza limeshaingia, na katikati huletewa chapati na nyama. Kitambi chake hufika kaunta kabla yake. Sisi tuliona ni maendeleo. Daktari aliona ni mzigo anaoubebesha moyo. Presha ilikuwa juu. Akampa tembe, akamkataza mafuta, akamwambia atembee kila asubuhi juani. Siku hiyo hata mimi sikutania, na mimi hutania hata matangani.

Asubuhi ya kwanza baba alirudi upesi, amenuna. Njia nzima watu walikuwa wamemwonea huruma. "Mzee, kwani gari uliuza?" Kijana wa boda alitaka kumbeba bure. Mzee wa kanisa alitaka kumwombea papo hapo kando ya barabara.

"Sitembei tena," baba akasema, akivua viatu. "Heri nife na heshima yangu."

"Utakufa nayo kweli," mama akajibu, na hakuwa anacheza.

Ndipo mimi, niliyekuwa nyumbani kwa likizo ndefu ya shule, nikasema kwa uchokozi tu, "Si uchukue beberu ya susu? Mtu akivuta mbuzi, nani atasema amefilisika?"

Nilingoja kofi. Baba akatazama zizini, akasema, "Lete kamba."

Basi akawa anatoka na beberu kila asubuhi. Madalali wakamsimamisha. "Mzee, hiyo ni ngapi?"

"Bado nafikiria."

Kesho yake bado anafikiria. Sifa ikaenea kwamba hakuna mtu mgumu wa bei kama yeye. Beberu naye akiona majani juu ya mlima, humkokota baba mbio bila kuuliza daktari alisema nini. Nyumbani mboga ya sukumawiki ikazidi chapati, mama akaanza tena kuimba jikoni, nami nikautoboa mshipi wa baba tundu jipya kwa msumari wa dukani.

Wiki jana daktari alimpima: presha inashuka, vitamini inapanda. Asubuhi iliyofuata beberu akagoma kutoka zizini. Nikavuta, nikasukuma, wapi! Baba akaning'iniza kamba uani, akatoka mikono mitupu. Nikamfuata nione atakavyoaibika.

"Mzee, mbuzi umeuza?" dalali akauliza.

"Amelala. Amechoka kutembea."

Akaupanda mlima bila kusimama. Nilipomfikia, nilikuwa siwezi hata kuongea.

"Wewe ndiye unahema hivyo?"

"Ni homa, baba."

"Ni kulala na simu. Kesho twende wote."

Jamani, shule zifunguliwe.