Mtaro Niliouchimba Mwenyewe

Shule niliacha darasa la tatu. Nasema mapema, ili mtu asitafute makosa yangu ya kuandika kisha ajisifu ameyaona. Nyumba yangu ya Kamembe niliijenga kwa matofali niliyofyatua kwa mikono hii, na ukuta wake ni mrefu kunipita. Juu nilipanda vipande vya chupa. Geti ni la chuma, na ufunguo ulikaa mfukoni mwangu hata kanisani.

Ndani ya ukuta huo nilikuwa nawahubiria wajukuu wangu wawili. Nyinyi ni kuku wa bandani, nawaambia. Sisi kule Mururu tulikokulia, tulitoka asubuhi, tukarudishwa na njaa. Tulikata ganda la mgomba, tukalikalia, tukateleza mlima mzima mpaka kijitoni. Hakuna mtu mzima aliyejua tuko wapi!

Jumamosi moja yule mkubwa, msichana wa miaka tisa, akaninyooshea kiganja.

"Koko, basi leta ufunguo. Na sisi tuende."

Koko ndiye babu, huku kwetu. Dada yangu, aliyekuwa amevuka daraja la mpaka kutoka Bukavu kuja kunisalimu, akacheka mpaka akamwaga chai. Nikaona aibu, na mwanaume mwenye aibu huahidi upuuzi.

"Twende Mururu," nikasema. "Nikiteleza mpaka kijitoni, ufunguo ni wenu. Nikishindwa, msiniombe tena."

Kushindwa sikukufikiria. Nimejenga nyumba, nitashindwa na ganda?

Tukaenda wote, na dada pia. Kule shambani kwangu nikachagua ganda pana, nikalimwagia maji, nikakaa. Zamani lilinitosha mimi na mwenzangu. Sasa lilitosha tako moja.

"Koko, utachafua suruali!"

"Nyamaza, uone bantu wa zamani." Bantu ndio watu, kwa Kiswahili chetu cha mpakani.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Utotoni mlima ule ulikuwa nyasi tupu toka juu hadi chini. Leo umekatwa kwa mitaro ya kuzuia mvua isibebe udongo, ile tunayochimba siku za umuganda, kazi ya pamoja ya kijiji. Kipande kimoja nilikichimba mimi, na nikasifiwa mbele ya kijiji kizima kwamba hakuna aliyefikia kina changu. Wiki nzima nilitembea kifua mbele. Kisha nikakisahau.

Niliteleza vizuri sana, hatua kama kumi. Nilipiga hata ule ukelele wetu wa utotoni. Halafu mtaro ukanimeza.

Nilikuwa chali, miguu juu, tope masikioni. Kina kilikuwa cha kweli, walinisifu kwa haki.

Kabla wajukuu hawajanifikia, sauti za wanawake waliokuwa wakilima zikatoka mlima wa ng'ambo.

"Mzee ameanguka! Yule wa Kamembe!"

"Mumuangalie mguu!"

"Ni mzima, anatukana!"

Dada yangu akasimama ukingoni, mikono kiunoni.

"Unasikia? Ndivyo ilivyokuwa. Ulizani bantu habakukuona? Maman alikuwa analima palepale ng'ambo, jembe mkononi, jicho kwako. Ukianguka, banaitana mlima kwa mlima. Nani alikuwa ananituma nije kukuokota?"

"Mbona hakuniambia?"

"Ungejua anakuangalia, ungelia kila ukijikwaa. Nakujua."

Nikatoa tope masikioni. Maisha yote najisifu nililelewa na mlima, kumbe mlima ulikuwa na macho ya mama yangu, na ya mama za wenzangu wote. Mimi watoto wangu na wajukuu niliwapa chupa zilizovunjika.

Ahadi ilikuwa wazi, kijitoni sikufika. Msichana alijua, hakuomba. Aliliokota ganda langu, akalifuta tope taratibu, macho chini. Ningenyamaza tu, ufunguo ungebaki wangu.

Nikaupapasa mfukoni, nikamtupia.

"Koko, lakini hukufika."

"Chukua kabla sijapata akili."

Sasa wanatoka kila mchana, wanashuka bondeni na watoto wa jirani. Mimi nimeweka kiti nje ya geti. Nasema naota jua kwa ajili ya mguu. Mkononi nina mpini wa jembe ninaoulainisha, huu ni mwezi wa pili, umebaki mwembamba kama mwiko. Anayeniuliza kama nachunga watoto namjibu vibaya.

Jana yule mkubwa alipanda mparachichi wa kule bondeni mpaka tawi la nne.

Mimi sikuona kitu.