Maji ya Manjano na Aibu ya Iyolwa

Mnaonijua mtaanza kucheka kabla sijafika kwa ugonjwa. Chekeni tu. Mimi mwenyewe nimecheka sana, ila kuna mahali nikifika bado naangalia chini. Naitwa Wandera, Msamia wa Lunyo. Shule niliacha darasa la tano, na haikuwa mambo ya ada, ni hesabu tulikosana. Nasema haya kwa sababu najua kuna mtu anayesikiliza hapa, tumbo yake inatoka damu na amenyamaza, vile mimi nilinyamaza.

Wakati ule wa serikali ya jeshi nilikuwa nabeba watu kwa baiskeli pale Busia, kutoka boda ya Uganda mpaka boda ya Kenya. Sukari ilipotea, sabuni ilipotea, lakini mapaja yangu yalikuwa kama vinu. Kulikuwa na mama mmoja mnene muuza samaki, wenzangu wote walikuwa wanamkimbia. Mimi nilikuwa nampakia na kikapu yake juu, na wimbo naimba. Jioni niko na wazee kwa chungu ya malwa, pombe yetu ya wimbi, mrija wangu hauchezi mbali na mdomo.

Tumbo ikaanza polepole. Watu wetu wanasema tumbo inaendesha. Basi mimi dereva nikawa abiria. Kwanza nilisema ni maji ya kisima. Halafu ikatoka ute kama wa bamia, halafu damu. Nilikuwa naenda choo ya nyuma ya soko mpaka mzee anayeifagia akaniuliza, "Wandera, umehamia huku?" Nikacheka. Damu sikumwambia. Hata mke wangu Athieno sikumwambia. Nilimwambia shati imepanuka kwa kufuliwa.

"Shati haikui, Baba Oundo," alisema. "Ni wewe unapungua."

Akanisukuma mpaka hospitali Tororo. Daktari alikuwa mwanamume mrefu amechoka, wenzake wengi walikuwa wamekimbia nchi. Akaniambia nilale kwa upande, akavaa glavu. Sitaeleza zaidi. Niliimba wimbo wa taifa moyoni, na nikaurudia.

"Una vidonda ndani ya utumbo mkubwa," alisema. "Dawa yake hapa hatuna, labda ng'ambo, Kenya. Lakini chakula unaweza kuanza leo. Uji uliochujwa, ndizi ya kupondwa, samaki ya kuchemsha. Acha maharage, acha pilipili, acha malwa."

"Daktari, hiyo si ni chakula ya mtoto anayeachishwa ziwa?"

"Ndiyo. Na tumbo yako sasa ni mtoto."

Nilitoka pale nikiona aibu kuliko nilivyoingia. Mwanamume mzima, mbele ya wenzake, napondewa ndizi!

Sasa Busia kulikuwa na mtu tulimwita Dresa, yaani mfunga vidonda. Alikuwa anaweka watu maji kwa mshipa, ndani ya chumba nyuma ya maduka. Chupa anatoa ng'ambo kwa magendo, anaitia vitamini, maji inageuka manjano. Anatundika kwa msumari, wewe unalala kwa mkeka, inaingia tone, tone.

"Hii ni chakula ya mshipa," aliniambia. "Haipiti kwa tumbo. Tumbo itaitoa namna gani?"

Hiyo maneno ilinikaa vizuri. Hakuna anayeona, hakuna anayecheka, na jioni narudi kwa malwa. Nilikuwa natoka kwa Dresa nakojoa manjano, nasimama naangalia mkojo wangu na kujivuna. Nilisema, ona nguvu! Na damu iliendelea kutoka.

Hapo kaka ya Athieno akaoa, wakwe wote tukaitwa kwao Iyolwa, kwa Wapadhola. Athieno alikuwa ameshaona damu kwa nguo zangu. Akasema, "Waambie unaumwa, usile."

"Niwaambie wakwe kwamba nahara?"

Nikapita kwa Dresa kwanza, nikajazwa manjano, tukaenda.

Kwa wakwe wakaleta kuku, maharage ya simsim, kwon, ndio ugali ya wimbi, ngumu kama tofali, na malwa. Nikachokoa chokoa. Shemeji yangu akasema kwa sauti, watu wasikie, "Mkwe, chakula ya Wapadhola imekushinda? Au Wasamia mnakula samaki tu?" Wakacheka. Basi nikala. Nikala yote, nikaongeza.

Sasa mnajua desturi. Mkwe haendi choo ya kwa wakwe. Akikutana na maro, ndio mama mkwe kwa Kipadhola, anatoka njiani anaingia kwa nyasi. Hawaongei, hawatazamani. Na tumbo yangu haikuoa Iyolwa, haijui desturi. Iliponiita, nilikimbia nyuma ya ghala, nikaingia shamba la muhogo, nikachuchumaa. Ilitoka damu kama wamechinja.

Nikasikia majani. Nikainua kichwa. Maro, na kikapu ya mboga.

Alifunika uso, kweli. Halafu akafungua vidole viwili.

"Hiyo yote ni damu?"

Nikavuta jani la muhogo nijifunike.

"Nakuuliza, mtoto wa watu! Ni damu?"

"Ndiyo, mama," nikajibu, suruali iko kwa magoti. Sijui kama kuna Msamia mwingine amewahi kusalimiana na mama mkwe wake hivyo.

Nikajaribu kusimama, dunia ikazunguka, nikaanguka pale pale ndani ya ile uchafu. Maro akanitupia leso yake, akapiga yowe. Arusi nzima ikaja. Wapiga ngoma, wakwe wa ng'ambo, shemeji na kuku mdomoni. Wote waliniona.

Mtu akasema, "Lakini mama, ni mkwe wako, huwezi kumshika."

"Hii aibu tutaiosha na mbuzi," maro alisema. "Maiti nitaiosha na nini? Beba yeye!"

Wakanifunga kwa baiskeli na blanketi, wakanisukuma Tororo. Njiani askari wakatusimamisha. Mmoja akaonyesha bunduki kwa blanketi.

"Mnabeba nini hapo? Kahawa ya magendo?"

"Ni mgonjwa, afande."

"Fungua."

Wakafungua. Askari akashika pua, akarudi nyuma kama ameona nyoka. "Peleka hii! Haraka, peleka hii!" Watu walikuwa wanapotea kwa vizuizi vile, na mimi harufu yangu ndio ilikuwa kipande cha ruhusa. Lakini aliniita "hii". Nililia chini ya blanketi.

Hospitali daktari aliniweka maji. Nikashangaa, kumbe hata yeye anaweka!

"Sasa ndiyo wakati wake," alisema. "Umekauka. Hii ni maji na chumvi, itakuzuia usife leo. Haitaponya kidonda."

"Na ile ya manjano?"

"Mkojo wako ulikuwaje?"

"Manjano kabisa, daktari!"

"Basi ndiyo hiyo ulikuwa unaimwaga. Mwili ulichukua kidogo, ingine ukarudisha."

Vidonge vya kuongeza damu alinipa, alisema hivyo nahitaji kweli kwa sababu damu imepungua. Nikaenda choo nikaona nyeusi kama makaa. Nikamwita Athieno nimuage. Nesi akacheka mpaka akakaa. "Ni chuma ya vidonge hiyo, mzee. Hufi."

Niliporudi nyumbani Athieno alichuja uji. Nilikuwa nafunga mlango nikila. Nguvu zikaanza kurudi, lakini nikitoka kwa watu nakula kama wao, na damu inarudi. Aibu ndiyo ilikuwa inanipikia.

Ikafika siku ya kupeleka mbuzi Iyolwa. Tukakaa wanaume, wakaleta maharage. Shemeji akasukuma sahani kwangu, "Mkwe, kula." Mkono wangu ukainuka kabisa. Hapo sauti ya maro ikatoka ndani ya nyumba, nyuma ya ukuta:

"Hiyo hapana! Mpeni bakuli yake!"

Wakaleta bakuli ya ndizi imepondwa laini, na samaki imetolewa miiba. Wanaume wakaacha mirija. Mmoja akauliza kama nimeota meno. Masikio yangu yaliwaka moto. Nikala. Nikaomba ingine.

Tangu hapo nakula hivyo popote, arusi, matanga, hata boda. Dawa ikipatikana ng'ambo nameza. Sijapona kabisa, siku zingine inarudi, lakini baiskeli naendesha, ingawa yule mama wa samaki siku hizi namtafutia baiskeli ingine. Wewe unayetoka damu, nenda hospitali. Vidonge na maji usikatae, lakini muulize daktari ni vya nini, na usinunue kwa mtu ili ufiche ugonjwa. Na chakula inayokufaa, uile mbele ya watu.

Namshukuru Mungu, na Athieno, na daktari yule. Maro sijamshukuru kwa mdomo, maana mbuzi alirudisha desturi na mimi na yeye tukionana njiani tunakimbilia nyasi. Shukrani natuma na Athieno. Jibu inayorudi ni moja kila mara: "Mwambie atafune vizuri."