Ijumaa Baba Alipotengeneza Bomba la Moshi

Kabidi ikilowa maji hunuka kama kitunguu saumu kilichooza. Mafundi wa kuchomelea wa Buyenzi bado wanaitumia kutengenezea gesi yao, na kila nikipita mbele ya karakana zao naziba pua kwa ncha ya kitenge na kuongeza mwendo. Wanacheka. Wanadhani ni madaha ya mwanamke wa ofisini. Waache wadhani. Harufu hiyo hunirudisha kwenye Ijumaa moja nilipokuwa na miaka tisa, na mpaka leo, nawaambia ninyi kama ndugu zangu, sijamsamehe baba yangu kwa Ijumaa ile.

Nianze na gari lenyewe. Baba alikuwa fundi wa magari, tena fundi mwenye jina, na mafundi wa namna hiyo huwa na wazimu wao. Wa kwake ulikuwa gari kuukuu la jeshi alilolinunua mnadani, la enzi za ujana wa babu yangu, rangi ya majani makavu, turubai badala ya paa. Mbele palikuwa na viti viwili. Nyuma hapakuwa na kitu ila sakafu ya bati iliyoliwa na kutu, na ukikaa pale kwenye barabara mbovu unajua idadi ya mifupa yako. Vipuri vyake havikupatikana popote, kwa hiyo kila kilichovunjika Baba alikitunga upya kwa mikono yake, akijivuna mchana kutwa.

Kilichomshinda ni bomba la moshi. Lilitoboka chini ya sakafu, katikati, mahali pabaya kufikia. Baba alikunjua kopo la mafuta ya kupikia, akalizungushia bati lake pale penye tundu na kulikaza kwa waya. "Ya muda tu," alisema. Ya muda ikakaa mwaka mzima. Gari lilinguruma na kukohoa hata watoto wa mtaa wakalibatiza Simba Mgonjwa, na wakilisikia linakuja walikohoa nalo, koh, koh, mpaka Baba anashuka na spana mkononi kuwafukuza.

Ng'ambo ya ua wetu wa mabati aliishi Mama Odeta, mjane aliyekuja mjini kutoka milimani, mrefu, mwenye maneno machache. Aliuza juisi ya marakuja kwenye meza ndogo mbele ya mlango wake. Odeta, binti yake, alikuwa rafiki yangu, na nilikunywa juisi pale mara nyingi kuliko nilivyokunywa maji kwetu.

Lazima mjue desturi yetu. Kwetu, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako, ndipo akupe. Ni adabu, na ni ushahidi pia kwamba hakutia kitu. Asipoonja, mgeni mwenye akili hukumbuka ghafla kwamba hana kiu. Lakini kwa watoto wa jirani nani anahangaika? Mama Odeta alinimiminia tu, akasema kunywa, urudishe kikombe.

Mwezi ule mama yangu alikuwa Rumonge akimuuguza mama yake, na nyumba ilikuwa mikononi mwa Shangazi Zaituni, dada mkubwa wa Baba. Shangazi hakumpenda Mama Odeta tangu zamani. Sababu aliyoitoa ni maji machafu ya marakuja yaliyopita chini ya ua na kuingia kwetu. Sababu ya kweli, nadhani, ni kwamba Mama Odeta hakumwogopa, na mtaani kwetu mtu asiyemwogopa Shangazi Zaituni alihesabika ana kiburi.

Jumamosi moja asubuhi nilikunywa kikombe changu cha juisi, kisha Baba akanichukua kwenda Ruziba kununua samaki na mihogo. Wakati wa kurudi, samaki walipewa kiti cha mbele wasije wakapondeka, mimi nikatupwa nyuma juu ya gunia la mihogo. Mvua ikatushukia njiani. Baba akasimama, akashusha turubai pande zote na kulifunga kwa kamba, fundo baada ya fundo, ili nisilowe. Alifanya hivyo kwa kunipenda, hilo sitamnyima.

Nakumbuka sakafu ilivyokuwa ya moto chini ya nyayo zangu. Nakumbuka moshi mtamutamu wa kuudhi, na kichwa kuanza kunigonga, na yale mafundo ya kamba yakawa mawili mawili, kisha manne manne. Nilitaka kumwita Baba lakini gari lilinguruma kunishinda, na usingizi ulikuwa mzuri. Tulipofika nyumbani miguu haikunibeba. Nilitapika mlangoni mwa gari, nikaanguka.

Walinilaza kwenye mkeka uani, mvua ikiwa imekatika, na Shangazi akanitia maziwa mdomoni kijiko kwa kijiko, kwani maziwa ndiyo dawa ya sumu. Baada ya muda nikafumbua macho. Maziwa yakapata sifa zote. Hewa safi haikushukuriwa na mtu.

"Leo umekula kwa nani?" Shangazi aliniuliza, uso wake juu ya uso wangu.

"Nimekunywa jus kwa Mama Odeta."

"Alionja mbele?"

"Apana."

Hayo tu. Sikusema uongo hata neno moja. Hakuna aliyeniuliza nilikaa wapi ndani ya gari, wala nilivuta nini.

Shangazi aliinuka, akauendea ua wa Mama Odeta na kupiga mabati yake kwa kiganja mpaka mtaa ukatoka nje. "Mulozi we! Umemulisha mutoto wetu sumu! Kikulacho ki nguoni mwako, watu wa Mungu, muone wenyewe!" Ilipofika jioni habari ilikuwa imezunguka mitaa mitatu. Lisemwalo lipo, watu walisema, kama halipo laja. Jumatatu hakuna aliyesimama kwenye meza ile. Jumanne mtu alipita akaipiga teke, mitungi ikavunjika, na nyuki wakajaa barabarani. Odeta aliniita mara tatu kwenye upenyo wa ua, kwa sauti ya chini, "Mwajuma, Mwajuma." Nilikuwa nimekatazwa kuitika, na sikuitika. Nilikaa nimejikunyata upande wa pili, karibu kiasi cha kusikia anavyopumua.

Jumatano Mama Odeta alikuja kwenye lango letu na jagi limejaa. Hakubisha hodi. Alisimama pale mpaka watu wakakusanyika.

"Mutoto ule ananywa kwangu tangu anaota meno," alisema. "Leo ndo nimemuua? Muniangalie wote."

Akainua jagi lote na kulinywa, bila kupumzika, juisi ikimtiririka kidevuni na kwenye nguo. Alipomaliza aligeuza jagi juu chini. Nilitamani mtu mmoja aseme basi, yaishe. Shangazi akabetua mdomo.

"Mwenye sumu iko na dawa yake kwa nyumba."

Watu wakaguna, maana jibu la hilo hakuna. Baba alikuwa amesimama nyuma ya Shangazi, mikono mfukoni. Sidhani kama siku hiyo alikuwa amejua. Napenda kuamini hakuwa amejua.

Ikaja Ijumaa. Wanaume wote walikwenda msikitini, na Shangazi alikuwa sokoni. Baba, ambaye hakuwahi kukosa sala ya Ijumaa, alibaki. Alifunga lango kwa komeo, akatia kabidi kwenye mtungi, na harufu ile ikajaa uani. Mimi nilitoka chumbani nikakaa kwenye ngazi nikimtazama. Aliingia chini ya gari kwa mgongo. Nilisikia koleo likikata waya, kisha bati la kopo likaanguka chini, jeusi, limeliwa na moto mpaka limekuwa kama jani kavu. Alitoka, akapanda nyuma, akainua kipande cha gunia kilichotandikwa sakafuni. Palikuwa na tundu la kutu la upana wa kiganja changu, na kingo zake zilikuwa zimejaa masizi. Alipitisha kidole pale, akakitazama.

"Mwajuma. Siku ile ulikala wapi?"

"Hapo hapo, Baba. Juu ya mihogo."

Alinitazama. Nimeona nyuso nyingi za hofu katika mji huu, lakini ule sijausahau, kwa sababu haukudumu. Kwa muda mfupi ulikuwa uso wa mzazi ambaye nusura amuue mwanawe, na nilidhani atanikumbatia. Kisha nikaona ukijifunga, kama duka linavyoshushwa milango. Akarudi kwenye kazi.

Na ilikuwa kazi nzuri ajabu, hilo ndilo linaloniuma. Alichukua bomba jipya la chuma, akalijaza mchanga mkavu na kuliziba ncha zote mbili ili lisibonyee, akalichoma mpaka likawa jekundu, akalikunja taratibu kwenye nondo nene iliyopindwa kama goti, kufuata mwili wa gari. Alichomelea kila kiungo akizunguka chote. Akalipitisha bomba pembeni, mbali na sakafu, litoe moshi nyuma kabisa. Akakata kipande cha bati na kuziba lile tundu. Mwisho aliwasha gari, akaloweka kitambaa, akaziba nacho mdomo wa bomba na kutega sikio apate kusikia kama kuna mahali panapovujisha pumzi. Hapakuwa na mahali. Baada ya hapo alifuta mikono, akaokota lile bati jeusi na kunikabidhi.

"Katupe chooni."

Nikaenda nikatupa. Niliporudi alichuchumaa mbele yangu.

"Gari ilikuwa na makelele tu. Umesikia?"

"Ndiyo, Baba."

Wanaume walipotoka msikitini walikuta lango wazi na gari linanguruma kwa adabu. Wakalizunguka, wakaisifu mikono yake. Jamani fundi! Simba amepona! Shangazi alirudi na kapu lake, akasema sasa angalau tutalala mchana. Nami nilicheka nao, maana sifa za baba ni tamu kwa mtoto hata zikiwa na uchungu ndani.

Mama Odeta alihama mwisho wa mwezi kwenda Gasenyi, ambako hakuna aliyemjua. Hakuna mwenye mkokoteni aliyekubali kubeba vyombo vyake. Alikuwa anavitoa nje kimoja kimoja, kitanda, magodoro, masufuria, wakati Baba aliporudisha gari nyuma mpaka mlangoni pake, mtaa wote ukitazama.

"Mama Odeta, pandisha vitu. Nitakupeleka. Bure."

Watu walishika vifua kwa wema ule. Mama Odeta aliweka chini sufuria alilolibeba. Hakumtazama Baba, aliinama, akatazama chini ya gari.

"Gari yako haitoe tena moshi, Baba Mwajuma. Uliitengeneza lini?"

"Juzi juzi."

"Ndiyo. Nilisikia nyundo. Ijumaa, wanaume wote wako musikiti."

Mama Odeta akainua tena sufuria lake, akaliweka kichwani. "Mi sipandi," alisema. Yeye na Odeta walibeba vyombo vyao kwa safari nne, kwa miguu, hadi kituo cha basi, mpaka jua likazama. Shangazi alisema muone asivyo na shukrani.

Nilikuwa na miaka kumi na sita mwalimu alipotueleza shuleni jinsi moshi unavyomlaza mtu mahali palipofungwa, kichwa kumuuma, kutapika, usingizi mtamu. Nilirudi nyumbani mbio nikamkuta Baba anakula. Nikamwambia yote, mpaka masizi, mpaka komeo la lango. Aliendelea kumega ugali. "Gari ilikuwa na makelele tu," alisema, na akaniomba chumvi.

Nikampa chumvi. Nilimchukia, tena kwa miaka mingi, na chuki ile ilinifaa, kwa sababu ilinifanya nijione mtu wa haki. Lakini Gasenyi si ng'ambo ya dunia. Ni basi moja. Baba hakulipanda, nami sikulipanda.

Baba alifariki mwaka jana. Matangani, mzee mmoja wa mtaa aliwasimulia watu wa makamo na vijana wasioijua habari hiyo. "Huyu mutu alikuwa na roho ya ajabu," alisema. "Mwanamuke alimulisha sumu mutoto yake, huyu Mwajuma mwenyewe, na yeye akamuambia: njoo, nitakupeleka na vitu vyako, bure. Alimusamehe." Watu wakasema Mungu amrehemu. Wengine walinigeukia, macho yamelegea kwa huruma, wakinisubiri mimi niliyeponea chupuchupu niongeze neno.

Mama Odeta alikuwa hai siku ile. Neno moja langu lingetosha, na waliokuwa pale ndio hasa waliopaswa kulisikia. Nilisimama katikati yao na birika mkononi, mwanamke mzima wa miaka thelathini na minane, nikasema, "Nani bado hajapata chai?"