Kaburi ya ku barabara ya zamani

Musinicheke sana. Juzi nilipeleka baba mukwe wangu, mugeni kutoka Butembo, kumuonyesha barabara ya zamani yenye kupita mu pori nyuma ya mugini Fataki. Nilitaka anione mujuzi wa historia. Tukakuta kilima ya udongo, ndefu kama kaburi ya watu wengi. Nikasimamisha pikipiki.

«Hapa njo walizikaka watu wakati ya vita,» nikasema na sauti ya padri.

Muzee akavua kofia, akaomba mupaka machozi ikamutoka. Na mimi nikalia, tena kwa nguvu kumupita.

Kaburi ikaanza kutoa moshi. Mama moja akakuja mbio na jembe, akaziba tundu, akatushangaa.

«Muko nalilia nini? Ni makala yangu ya kupikia, miti iko naungua chini ya udongo.»

Muzee akarudisha kofia pole pole.

«Weye, binti yangu anakupikiaka na nini?»