Miaka kumi na moja mke wangu alisogeza magoti wenzake wapite kwenda meza ya Bwana, na sababu ni mimi

Wakuu, heshima zenu.

Humu mimi ni msomaji wa kimya, leo naandika langu. Watakaosema ni chai, watafute na vitumbua waendelee. Mimi nilikuwepo, na kaburi lipo.

Ni fundi magari, Arusha, umri umekwenda. Miaka ile serikali inafungua milango ya biashara, kiwanda cha umma nilichokuwa nafanya kazi kilifungwa. Asubuhi una kitambulisho, jioni unaambiwa kiache getini.

Nilivimba kwa hasira, jamani. Nikaapa hawa mabosi watanitambua.

Nikafungua gereji Ngarenaro. Makampuni ya watalii yalikuwa yanaota kama uyoga, Land Rover zinavunjika kila siku, mikono haikauki grisi. Nyumbani ilikuwa Daraja Mbili, mimi, mama Neema na watoto wetu wawili.

Mama Neema alikuwa Mmeru wa kule juu mlimani, Mlutheri wa kuzaliwa, kwaya tangu utoto. Tulianza kuishi pamoja alipopata mimba ya Neema. Ile ya "njoo tukae, mengine baadaye." Wanaume mnaijua, msijifanye watakatifu.

Kwa wasiojua utaratibu wa pale kwetu: ukiishi na mtu bila ndoa, unazuiwa meza ya Bwana. Ibadani unakuja, sadaka yako inapokelewa vizuri tu (hapo huwa nacheka peke yangu), ila mkate na divai huvigusi mpaka mfunge ndoa.

Mimi kanisani sikuwa naenda. Jumapili niko chini ya gari. Kwa hiyo ile adhabu haikunigusa hata kidogo, ilimpata yeye aliyekuwa anakwenda kila wiki.

Pasaka moja nikamsindikiza. Ndipo nikaona.

Watu wa benchi letu wakainuka kwenda mbele. Yeye akabaki amekaa, akasogeza magoti pembeni ili wapite. Wakapita majirani. Wakapita mabinti aliowafundisha kuimba. Akapita na mlevi mmoja wa mtaani kwetu, mpiga mke anayejulikana, maana yeye cheti cha ndoa alikuwa nacho.

Waliporudi, akasogeza tena. Macho yake yalikuwa chini muda wote.

Siku ile nililichukia kanisa. Nikatoka nimefura, nikasema hawa ni wanafiki tu, na kesho yake nikarudi gereji kama kawaida. Kwamba dawa ilikuwa mfukoni mwangu, hilo sikutaka kulifikiria.

Maana kila mwaka mchungaji alikuwa anatangaza kubariki ndoa. Mnaoishi pamoja mnakuja na wasimamizi wawili, mnasimama mbele na wenzenu, mnabarikiwa, mnarudi nyumbani kula ndizi. Hakuna kadi, hakuna ukumbi.

Mama Neema akaniomba twende. Nikamjibu, "Mimi nipangwe mstari na wazee wenye mvi kama foleni ya sukari ya enzi zile? Watoto wamenishikia koti? Thubutu!"

Nilitaka harusi. Wakati ule harusi zilikuwa zimepamba moto mjini, magari yamefungwa maua, matarumbeta nyuma ya pick-up, mtu wa video anarudi kinyumenyume. Nilitaka yangu ipite Sekei walikokuwa wanakaa wale mabosi walionitoa kazini, wachungulie dirishani waseme kumbe yule jamaa yupo.

Mwanamke hakuniomba magari. Siku moja anachambua mboga, akasema taratibu, "Baba Neema, mimi nimechoka. Nabeba nyumba, nabeba watoto, nabeba na maneno ya watu. Nataka tu nikapumzike pale mbele kama wenzangu."

Nikamwambia mwakani.

Mwakani yangu ilienda miaka kumi na moja, wakuu.

Kisha akaanza kuumwa. Saratani ya kizazi. Hospitali kubwa kule Moshi wakajaribu, wakashindwa, wakaturudisha nyumbani. Mwili ukaisha, maumivu hayalali, na yeye halali. Akawa ananiuliza swali moja tu, "Nitakwenda hivi hivi, baba Neema?"

Nikawasha gari mpaka kwa mchungaji, na ovaroli langu la grisi. Nikamwambia Mchungaji, tubariki leo.

Akasema ndoa hutangazwa Jumapili tatu kwanza. Nikamwambia mama Neema hana Jumapili tatu. Nikaanza kulia pale pale ofisini kwake, mwanaume mzima.

Akachukua mkoba wake, akasema, "Twende. Nikiulizwa nitajibu mimi."

Nyumbani tukamwekea mama Neema mito mgongoni, akakaa. Mama Aneth wa jirani akamfunga kitenge kipya, yeye na mumewe wakawa wasimamizi. Pete walituazima ya kwao, ikawa inazunguka kwenye kidole kwa jinsi alivyokonda.

Mchungaji akatuuliza maswali, tukajibu. Akatuombea. Kisha akanigeukia, akaniuliza kama nina la kutubu. Nikamwaga yote, kiwanda, hasira, kiburi, magoti. Akatutangazia msamaha, akatupa mkate na divai, yeye kwanza, halafu mimi.

Nusu saa haikufika.

Mama Neema akanitazama, anatabasamu kabisa, akasema, "Kumbe ni hivi tu?"

Hakunisuta. Alikuwa na furaha ya kweli. Ndiyo maana neno lile halijanitoka mpaka leo.

Mchana ule alilala usingizi kama mtoto. Akaishi siku tisa, maumivu yapo, ila lile swali hakuliuliza tena. Kengele ya kanisa ilipigwa, kwaya yake ikamwimbia, akazikwa na pete ya mama Aneth, aliyekataa kurudishiwa.

Na mimi nilipumzika, siwadanganyi. Hasira ya kiwanda ilitoka siku ile, sijaiona tena. Yesu ananipumzisha na kanisani sikosi. Na hapo ndipo panaponiuma, kwamba mzigo ulikuwa unatulika kirahisi vile, na mimi ndiye niliyemzuia mwenzangu miaka yote kwa ajili ya matarumbeta.

Nimeandika leo kwa sababu ya Jumapili iliyopita. Nainuka kwenda meza ya Bwana, kuna binti benchi langu ana mtoto mgongoni. Akasogeza magoti nipite.

Baada ya ibada nikamsubiri mwenzake, kijana aliyekuja kumchukua na bodaboda. "Shikamoo mzee." Nikamweleza yote haya niliyowaeleza. Akasikiliza kwa adabu, akasema, "Nimekuelewa mzee, ila tunajipanga kwanza, tufanye kitu cha maana. Mwakani."

Bodaboda ikaondoka nao.

Wanaoona kanisa lilimkosea mama Neema, semeni, nami sijamaliza ugomvi wangu nalo. Wa kunitukana, karibuni pia, sitajibu. Ila wewe uliyeweka mwanamke ndani na anakwenda ibadani peke yake, kabla ya kuandika chochote hapa, kamuulize wenzake wakiinuka yeye anafanyaje.