Aliyelala Kwenye Mihogo

Mwanangu, ipo siku moja ya Oktoba hainitoki, na leo nimeona nikusimulie kabla uzee haujaanza kunipangia maneno. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, mwaka wangu wa pili hapa Durban. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, fundi msaidizi katika gereji ya malori kule Clairwood, na ulimi wangu ulikuwa mwepesi kuliko mikono yangu.

Fundi mkuu wetu alikuwa Mhungaria, Mzee Laszlo. Zamani, yeye akiwa kijana, watu wa nchi yake waliinuka kuipinga serikali iliyokuwa ikiamrishwa na Warusi. Vifaru vikaingia mjini. Wengi wakafa, wengine wakatawanyika duniani, na wachache wakaangukia hapa. Kila Oktoba walikutana Queensburgh nyumbani kwa mjane mmoja, Bibi Ilona, wakaketi mezani na kila mtu akasimulia aliyoyaona. Mzee Laszlo alijua kwamba vita vyetu viliingia Uvira, kwetu Kongo, mwezi huohuo, ndiyo maana akanialika. "Njoo," aliniambia. "Kule hakuna atakayekuuliza kwa nini ulikimbia."

Nilikwenda na shati la kuazima. Niliwakuta wazee saba, na kwa ajili yangu walizungumza Kiingereza, polepole. Mmoja alikuwa amerusha chupa za petroli kwenye vifaru. Mwingine alipitisha barua za wapiganaji chini ya mikate. Kisha zamu ikanifikia mimi.

Ngoja kwanza nikueleze kweli yenyewe, ndipo uone nilivyoiharibu. Siku tuliyokimbia Uvira nilikuwa na yaya wangu Kashindi. Yaya ndivyo sisi tunavyomwita kaka mkubwa. Tulikuwa tumeshatoka mjini risasi ziliposogea. Mimi nikajitupa kwenye shamba la mihogo, nikalala kifudifudi. Yaya akarudi. Alimbeba mgongoni jirani yetu kipofu, Mama Riziki, akamlaza kando yangu. Kisha akarudi tena kumchukua mjukuu wa yule mama. Waliokuja nyuma yetu walituambia yaya na yule mtoto wote wawili waliuawa barabarani.

Hayo ndiyo niliyopaswa kusema. Lakini nilikuwa nimeketi kati ya watu waliopigana na vifaru, na aibu ikanishika. Nikasema aliyembeba Mama Riziki ni mimi. Bibi Ilona akanishika mkono, machozi yakimlengalenga, akauliza kama nilikuwa peke yangu.

"Nilikuwa na kaka yangu," nikasema.

"Naye alikuwa wapi?"

Heri kujikwaa kidole, mwanangu, kuliko kujikwaa ulimi. Ningeweza hata kunyamaza. Nikajibu, "Alilala kwenye mihogo. Aliogopa." Wazee wakatikisa vichwa kwa huruma. Mmoja akasema tusimlaumu, naye alikuwa kijana tu. Walikuwa wakimsamehe yaya wangu kosa langu, na mimi nikaendelea kula keki.

Mzee Laszlo alizungumza wa mwisho. "Nilikuwa na miaka kumi na sita," alisema. "Nilijificha chini ya nyumba, kwenye chumba cha viazi. Rafiki yangu Tibor alipanda ngazi akaenda kupigana. Aliniachia mkate wake. Niliula." Basi, akaketi. Baadaye nilijua kwamba kila mwaka alisema maneno hayohayo, na hakuna aliyewahi kumcheka.

Nilirudi mjini nikiwa mzito. Nilikuwa nikikaa chumba kimoja na Dieudonné, kinyozi wa Bukavu, nikamweleza yote. Akaniambia, "Eish, ndugu, achana nayo. Bale bazee habamujue yaya yako. Hakuna mwenye atajua."

Alisema kweli, wazee wale hawakumjua, na kweli hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Alichofanya Kashindi tulikijua mimi na kipofu mmoja, ambaye sikujua kama yu hai. Nikinyamaza, yaya wangu atabaki mwoga milele katika vichwa vya watu wasiowahi kumwona.

Jumatatu, tukiwa tumeinamia injini, nilimwambia Mzee Laszlo. Akaweka spana chini, akafuta mikono muda mrefu. Hakupaza sauti.

"Kujisifu kwamba ulikuwa shujaa ni jambo dogo," alisema. "Sisi wazee tunafanya hivyo mwaka mzima. Lakini marehemu ana nini? Hana nyumba, hana mtoto. Ana kile alichofanya, basi. Wewe umemnyang'anya hicho, halafu ukampa uoga wako akae nao."

Nililia pale gereji, sioni haya kukuambia. Nikamwomba awaeleze wenzake kwa niaba yangu. Akakataa. "Walisikia kutoka kwako. Wasikie tena kutoka kwako."

Jumapili nikapanda teksi hadi Queensburgh, walikokaa wazee wale, nikabisha mlango mmoja baada ya mwingine. Maneno yangu yalikuwa yaleyale: aliyembeba mama ni kaka yangu, aliyelala kwenye mihogo ni mimi. Mzee mmoja alinipa chai. Mwingine aliniambia nisikanyage tena kwenye meza yao, akafunga mlango. Nilistahili.

Bibi Ilona alikuwa wa mwisho. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akanitazama mpaka nikainamisha kichwa. Nilingoja anifukuze.

"Jina lake nani?" akauliza.

Ndipo nikagundua kwamba siku ile mezani sikulitaja hata mara moja. Nikasema, "Kashindi." Alilirudia polepole, akakosea, akarudia tena mpaka likakaa sawa mdomoni mwake.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mwanangu, kwa marehemu usiliache neno hilo litimie, maana hawezi kuja kujitetea. Lako lisimulie kama lilivyokuwa, hata kama ni la kulala kifudifudi. La marehemu mpe mwenyewe, ulitaje na jina lake. Na ukimkosea, usingoje Oktoba nyingine. Rudi kwa walewale waliokusikia, hata wakikufungia mlango.

Mungu akupe ulimi unaomheshimu asiyeweza kujibu. Na siku yako ikifika, akuachie mtu atakayesema ulichofanya, asiongeze, asipunguze. Amina.