Anayepiga Makofi Kabla Ndege Haijatua

Ukungu haujaachana na nyasi, na Mama Vibao keshalowa hadi magotini. Amesimama pembeni mwa njia ya kurukia, mkono huu ubao, mkono ule ubao, macho yake yamewaganda yangeyange waliotua mbele yake kula panzi.

Nyuma yake mwenzake, kijana mrefu wa miaka thelathini na ushei anayeitwa Mrefu tu, anainua mkono wenye redio. Maana yake moja: inakuja.

Mama Vibao anaanza. Pa! Pa! Pa-pa-pa! Mbao zinagongana, sauti inapasua ukungu, na yangeyange wanainuka wote kwa pamoja, wakilalamika kama wapangaji waliotolewa vyombo nje. Anawafuata mbio kidogo, akipiga, hadi wanavuka uzio. Halafu anageuka, anaipa njia mgongo na kuinama.

Ndege inapita. Mngurumo wake hausikiki kwa masikio peke yake. Unasikika kwenye mbavu, kwenye meno, kwenye maji ya tumbo. Magurudumu yanagusa lami, moshi mwembamba unafuka, na kule ndani abiria wanapiga makofi.

Wanampongeza rubani. Haki yake, hakuna anayemnyima. Amewafikisha salama na ana shukrani zake. Ila dirishani hakuna aliyemwona mwanamke wa miaka hamsini na mbili akiinama kwenye majani na mbao mbili za mlango wa zamani.

Mbao hizo alichongewa na mumewe, fundi cherehani, mlango wa chumba chao ulipooza kwa chini. “Juu ulikuwa mzima,” anasema fundi. “Nikaona haramu kuutupa. Mke wangu alikuwa anapiga kwa viganja, anarudi jioni hawezi kushika kijiko.”

Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na minane. Yeye na wenzake watano hulinda njia wasije mwewe, kunguru na yangeyange wakaingia kwenye injini. Miaka yote hiyo waliitwa vibarua. Ujira wao wa siku haukutosha kununua chai mbili na keki katika mkahawa wa abiria, ule wenye viti vya ngozi, hatua chache kutoka geti wanaloingilia. Asiyekuja halipwi. Anayeumwa halipwi. Anayefiwa hupewa pole.

Na masikio? Mafundi wa injini walipewa vifunika masikio. Wanaoongoza ndege kuegesha walipewa. Hata wageni rasmi wanaokuja kupigwa picha huvishwa. Waliosimama karibu zaidi na injini kuliko wote waliambiwa watumie pamba, na pamba yenyewe wajinunulie.

Uwanja huu una kumbukumbu fupi. Vibarua wanayo ndefu.

Wanamkumbuka mkurugenzi wa kwanza. Mwaka ule mwewe alimezwa na injini wakati ndege inapaa, ikazunguka na kurudi kwa injini moja, watu wote wakashuka wazima. Mkurugenzi aliwakusanya wafanyakazi, akasema kikosi cha mbao kitapewa ajira ya kudumu, akaomba kipigiwe makofi. Yakapigwa, kila mtu akaenda kwake.

Wanamkumbuka wa pili. Alizindua ukumbi mpya wa abiria, akaahidi vifunika masikio kabla ya mvua. Hakutaja mvua ya mwaka gani. Akaomba makofi matatu ya nguvu. Yakapigwa.

“Makofi nimekula mengi,” anasema Mama Vibao, akicheka mpaka pengo lake linaonekana. “Hayashibishi, lakini hayana mwiba.”

Nyumbani kwake ni vyumba viwili. Cherehani iko dirishani, kitanda nyuma ya pazia, na redio juu ya kabati ikiunguruma kama mashine ya kusaga.

“Majirani wameuza redio zao,” analalamika fundi. “Taarifa ya habari wanaipata kwangu bure.”

“Unasema nini?” anauliza mkewe.

“Nasema umependeza!”

“Mwongo. Midomo yako imesema majirani.”

Ndivyo anavyoishi sasa, kwa kusoma midomo. Sikio la kulia lilianza kuvuma mwaka wa sita wa kazi. La kushoto likafuata, polepole, kama mtu anayehama nyumba kwa kubeba kitu kimoja kimoja. Kwanza yakaondoka matone ya mvua juu ya bati. Kisha hodi mlangoni. Kisha sauti za watoto.

Sauti ya binti yake, muuguzi katika mji wa mbali, huipata kwa kubana simu kwenye sikio la kushoto. Mwaka jana mwajiri wake alimpandisha ndege kwa mara ya kwanza, naye binti akarekodi kwa simu ndege ikitua hapa hapa, kwenye njia ya mama yake. Alipofika alimwonyesha.

“Hao wanapiga makofi ya nini?” mama akauliza.

“Wanampongeza rubani, mama.”

“Magurudumu yameshagusa?”

“Yameshagusa.”

“Basi wamechelewa. Kunguru wa hapo nimeshamwondoa zamani.”

Walicheka hadi fundi akaacha kushona. Lakini usiku, anasema fundi, mkewe alirudia kuicheza rekodi ile mara nyingi, simu ikiwa imebanwa sikioni, akijaribu kusikia vizuri zaidi.

Mwaka huu akaja mkurugenzi wa tatu, na ajira za kudumu zikatangazwa kweli. Mshahara wa mwezi, matibabu, likizo, na tiketi moja ya ndege kila mwaka. Sharti lilikuwa moja, kupimwa masikio.

Katika zahanati ya uwanja walivishwa vifaa kichwani, wakaambiwa wabonyeze kitufe kila wanaposikia mlio. Watano walifaulu. Mama Vibao alibonyeza mara chache, na mara nyingine alibonyeza kwa sababu alimwona mpimaji akipepesa macho.

Meneja utumishi alimwita ofisini. Hakuwa na hoja ya kijinga. Anayefanya kazi kando ya njia, alisema, lazima asikie redio. Akikosa agizo moja, anaweza kufa yeye na kuua wengine.

“Mrefu ndiye anayeshika redio,” Mama Vibao akajibu. “Mimi huangalia mkono wake. Tumefanya hivyo miaka mingi.”

“Utaratibu hautambui mkono, mama. Mwisho wa mwezi tutakuaga vizuri. Tutakuandalia hafla.”

“Hafla ya makofi?”

Meneja akakosa subira. “Tuliwaambia mvae pamba, hamkusikia. Wahenga walisema, sikio la kufa halisikii dawa.”

Mama Vibao alisimama. Alikuwa ameyasoma maneno yote midomoni mwake, hakuna lililompita.

“Sikio hili halikufa, bwana mkubwa,” akasema. “Limeuawa. Na aliyeliua ndiye anayelipima.”

Jioni ile kikosi kilikutana nyuma ya gereji ya magari ya zimamoto. Mama Vibao alikwenda kuaga. Aliwaambia wakachukue ajira zao, mtu yeyote asimwonee haya.

“Mimi nimefaulu,” Mrefu akasema, akihakikisha amegeuza uso aonekane. “Nimefaulu leo. Miaka mitano ijayo nitakaa kiti kile kile, nabonyeza kwa kubahatisha kama wewe. Nani atanisemea?”

Mwanamke mmoja wa kikosi, mama wa watoto wanne, akashusha pumzi. “Jamani, mimi nina watoto wanne…”

“Nenda, mdogo wangu,” Mama Vibao akamkatiza. “Sitakulaumu.”

“Dada, niache nimalize! Hilo sikio lako linasikia pale linapotaka tu. Nina watoto wanne, nataka kusema, nao nitawafundisha adabu gani nikikuacha wewe nje ya geti?”

Uamuzi wa kugoma ukapita kwa kicheko. Wakapeleka taarifa kwa meneja na kwa mnara wa kuongozea ndege siku mbili kabla, ili ndege yoyote isishtukizwe ikiwa hewani. Wenye vyeo hupenda kuwaita wagomaji wahuni. Wahuni hawa walitoa taarifa mapema kuliko kampuni ya ndege inavyotoa safari inapochelewa.

Siku ya siku, nyasi zilikuwa tupu. Asubuhi haijakolea, yangeyange walikwisha kujaa kando ya njia, weupe kama nguo zilizoanikwa. Ndege ya kwanza ilikuwa tayari, abiria ndani, mikanda imefungwa. Rubani akatazama nje na kuzima injini.

“Siondoki mpaka wenye mbao warudi,” akauambia mnara. Aliliambia gazeti hili baadaye kwamba alikuwa akimwona Mama Vibao kutoka juu kwa miaka tisa na hakuwahi kujua jina lake. “Nilikuwa nikimtafuta kwa macho kwanza, kisha ndiyo nashusha magurudumu.”

Abiria walinung'unika, watoto wakalia, simu zikapigwa kwa wakubwa. Kabla ya adhuhuri kikosi kizima kiliitwa kwenye chumba cha mikutano, chenye zulia na chupa za maji.

Mkurugenzi alianza kwa uso mkunjufu. “Kwanza kabisa,” akasema, “naomba tuwapigie makofi wenzetu hawa kwa kazi kubwa…”

Mama Vibao hakungoja kusikia. Aliona viganja vinainuka. Akatoa mbao zake mbili kwenye mfuko na kuziweka juu ya meza iliyong'arishwa, matope na yote.

“Makofi nimekuja nayo,” akasema. “Tuzungumze mengine.”

Wakazungumza hadi chupa za maji zikaisha. Walipotoka, wote sita walikuwa wafanyakazi wa kudumu. Kipimo cha masikio kitabaki, lakini cha kumlinda mfanyakazi, siyo kumfukuza; aliyeumizwa na kazi atahesabiwa ameumizwa na kazi. Watatembea wawili wawili, mmoja na redio, na ishara za mkono zimeingizwa kwenye utaratibu ule ule uliokuwa hauzitambui. Na vifunika masikio, vyekundu, vilifika wiki hiyo hiyo. Kumbe vilikuwepo stoo.

Ahadi ya mwisho, kifaa cha kumsaidia Mama Vibao kusikia, bado “inashughulikiwa”. Neno hilo limeota mvi katika uwanja huu. Safari hii, hata hivyo, wanaolifuatilia ni watu sita, na kila Jumatatu Mrefu humpitia meneja utumishi na kumwuliza hali ya kifaa, kwa adabu, mbele za watu.

“Atakinunua hata kwa mfuko wake,” Mrefu anasema, “ili tu asinione tena.”

Mama Vibao anakitaka kabla ya mwezi ujao. Binti yake amejifungua mtoto wa kike. Tiketi ya mwaka ipo, na mumewe amemshonea gauni la safari lenye mifuko miwili mirefu.

“Amekataa kuacha mbao,” fundi anashitaki. “Namwambia, mama, huko ndani utatuaibisha.”

Mkewe amesoma midomo. “Nataka kumsikia mjukuu wangu akilia,” anasema. “Hicho ndicho ninachokwenda kufanya. Wengine wanakimbia kilio cha mtoto, mimi nakifuata kwa ndege.”

Na watakapotua, je, atapiga makofi na wenzake?

Asubuhi, kando ya njia, anavuta vifunika masikio kutoka shingoni, anavishika mkononi, anafikiri. Mrefu hajainua mkono bado.

“Nitapiga kabla,” anasema. “Wakati wote wametulia na mikanda yao, nitatazama nje. Kwenye nyasi nikiona hata yangeyange mmoja, nitapiga kwa mazoea, na wanicheke. Lakini nikitazama nisione hata mmoja, nitajua kuna mtu kule chini, amelowa magoti. Huyo ndiye nitakayempigia.”